UZI MAALUMU: Data zinagoma kwenye QGIS? Leta tatizo lako tulichambue hapa

Mchoraramani (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Swali linalorudi kila mara humu ni la mtu aliyefungua data zake kwenye QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, akakuta skrini nyeupe, au visima vya wilaya nzima vimeangukia baharini. Mara nyingi jibu la kwanza analopewa ni aifute programu na kuiweka upya. Ataiweka upya, na visima vitabaki baharini. QGIS huchora namba pale zinapoelekeza. Namba zikiwa na maelezo yasiyo yake, utahamia kompyuta nyingine na tatizo utakwenda nalo, maana limo ndani ya faili.

Nimeufungua uzi huu tuyaweke pamoja matatizo ya data yanayotusumbua zaidi huku kwetu. Mifano yangu mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi, ila wadau wa Kenya na Uganda mtayakuta mengi ni yale yale, kwani hata datumu yetu ya zamani, yaani msingi wa kupimia koodineti, ni moja.

Koodineti ndizo zinazoumiza wengi, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Pointi zikitokea mahali pasipo pake, usizisogeze kwa mkono hata kama unajua zinapotakiwa kuwa. Soma kwanza zilikoangukia. Kila kosa lina mahali pake duniani, na ukishazoea utalitambua kabla hujafungua hata jedwali.

Chukueni katikati ya Dar es Salaam: latitudo -6.8, longitudo 39.28. Pointi hizo zikionekana magharibi mwa Hispania, jirani na mji wa Cáceres, mtu kaweka latitudo kwenye X na longitudo kwenye Y. Inatakiwa kinyume chake: X ni longitudo, Y ni latitudo. Tumezoea kutaja latitudo kwanza, na simu zetu zinaziandika hivyo hivyo, ndiyo maana kosa hili haliishi. Dodoma ikigeuzwa namna hiyo inaangukia Atlantiki, nje kidogo ya Tangier. Nairobi inaangukia Mediterania, kati ya Hispania na Algeria.

Pointi za Dar zikionekana kusini mwa Ethiopia, upande wa milima ya Bale, alama ya kutoa imedondoka njiani. Mtu wa uwandani aliandika "6.8 S", aliyeingiza kwenye jedwali akaifuta ile S na asiweke alama ya kutoa.

Zikiwa zimerundikana Ghuba ya Guinea, pale ikweta inapokutana na longitudo sifuri, ama seli zilikuwa tupu zikajazwa sifuri, ama digrii zako zimesomwa kama mita za EPSG:3857, ule mfumo wa ramani za mtandaoni (EPSG ni orodha ya misimbo ya mifumo ya koodineti). Zikienda Antaktika, digrii zimepewa UTM ya kusini (UTM ni mfumo wa mita unaoigawa dunia kwa zoni). Katika zoni za kusini ikweta imepewa mita 10,000,000 na hesabu inashuka kadiri unavyokwenda kusini, kwa hiyo namba ndogo kama -6.8 inasomeka kuwa iko huko karibu na ncha.

Halafu kuna zoni zenyewe. Zoni 37 inaanzia longitudo 36 hadi 42, zoni 36 inaanzia 30 hadi 36. Dar, Morogoro, Arusha na Nairobi ziko 37. Mwanza, Mbeya, Iringa na Dodoma ziko 36. Ndiyo, Dodoma iko 36, kwenye longitudo 35.74 hivi, na wengi wanaiwekea 37 kwa mazoea ya Dar. Koodineti za Dodoma mjini kwa zoni 36 ni kama 803,000 mashariki na 9,317,000 kaskazini. Zipe namba hizo zoni 37 na mji unahamia Bahari ya Hindi, mbali mashariki ya Unguja. Ukifanya kinyume, yaani data za Dar ukazipa zoni 36, zinatua porini kusini mwa Tabora. Kigoma mjini ndiko kusikotazamiwa kabisa, iko zoni 35.

Kwa WGS 84, datumu ya GPS, misimbo ni EPSG:32735, 32736 na 32737. Kwa Arc 1960, ile datumu yetu ya zamani, ni EPSG:21035, 21036 na 21037. Iandikeni mahali mtakapoiona.

Sasa jambo ambalo ningeomba kila anayesoma uzi huu alishike. Katika QGIS kuna vitendo viwili vinavyofanana kwa jina na ni tofauti kabisa kwa kazi. "Set Layer CRS" (CRS ni mfumo wa koodineti) haibadilishi namba yoyote. Inaiambia programu tu kwamba namba hizi zisomwe kwa mfumo huu. Unaitumia pale faili lilipokuja bila maelezo, lile lenye alama ya kuuliza pembeni ya jina la leya (tabaka la data kwenye ramani), au lilipokuja na maelezo yasiyo sahihi. "Reproject Layer" inapiga hesabu na kukupa faili jipya lenye namba mpya. Unaitumia pale maelezo yakiwa sahihi na unataka mfumo mwingine.

Mtu mwenye data sahihi za digrii anayetaka mita, akatumia cha kwanza badala ya cha pili, ndiye anayekwenda Antaktika. Akiona imeharibika anajaribu mfumo mwingine, na mwingine, mpaka hakumbuki faili lilikuja na nini. Ikikutokea, acha. Rudi kwenye faili la awali ulilotumiwa, fungua .prj yake (faili la maelezo ya mfumo) kwa Notepad, usome limeandikwa nini humo ndani.

Na kuziona leya mbili zimekaa pamoja kwenye skrini hakumaanishi ziko mfumo mmoja. QGIS 3 inazilinganisha yenyewe wakati wa kuchora. Ukizipeleka kwenye hesabu za umbali au eneo, ule utofauti unarudi.

Karibuni. Leteni matatizo yenu, na tafadhali mtaje faili ni la aina gani na limetoka wapi.

Bikoni_Tatu

Asante mkuu kwa uzi. Mimi nina mipaka ya viwanja niliyoipata kwenye mchoro wa zamani, koodineti ni za mita na zinaingia Dar bila tatizo. Lakini nikiweka picha ya setilaiti chini, viwanja vyote vimepanda juu, kama mtaa mzima umehama. Umbo ni lile lile, vipimo ni vile vile. Nimeshajaribu kubadilisha picha ya setilaiti, hali ni hiyo hiyo.

Mchoraramani

Mkuu Bikoni, pima kwa rula ya QGIS kutoka kona ya kiwanja hadi kona yake halisi kwenye picha. Ukipata mita 300 na ushei, na viwanja vimekwenda kaskazini na kidogo magharibi, data zako ni Arc 1960 na wewe umeziita WGS 84.

Ramani zetu za zamani, zikiwemo zile karatasi za 1:50,000, zimejengwa juu ya Arc 1960, ambayo inatumia elipsoidi (umbo la hesabu linalowakilisha dunia) ya Clarke 1880. GPS inatumia WGS 84, yenye elipsoidi yake. Elipsoidi hizo zina ukubwa tofauti na vitovu vyake haviko mahali pamoja, kwa hiyo pointi moja ya ardhini ina koodineti mbili. Kwa Dar, tofauti kwenye UTM ni takriban mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 90 mashariki-magharibi. Kila unapoona tofauti ya kiasi hicho Afrika Mashariki, mshuku Arc 1960 kwanza.

Dawa yake: iambie leya ni EPSG:21037 kwa "Set Layer CRS", maana ndivyo namba zilivyo. Kisha tumia "Reproject Layer" kwenda EPSG:32737. QGIS inaweza kukufungulia dirisha la kuchagua namna ya kuhamisha, likiwa na njia kadhaa, kila moja na eneo lake na makadirio ya usahihi. Chagua iliyoandikwa kwa ajili ya Tanzania, usibonyeze ya juu tu kwa haraka.

Ila nakusihi jambo moja: usahihi wa njia hizi ni wa mita, haufiki sentimita. Kwa kuona mtaa uko wapi, au kupanga barabara kwa jumla, unatosha. Kwa kumwonesha mtu bikoni yake (alama ya mpaka) iko upande gani wa ukuta wa jirani, hautoshi hata kidogo, na familia zimegombana kwa chini ya hapo. Huko anatakiwa mpima mwenye alama za msingi za eneo husika.

Nyayo_za_Nakuru

Kuongezea upande wa Kenya: mipango mingi ya zamani ya upimaji wa viwanja iko kwenye Cassini, mfumo mwingine wa mita, si UTM. Ukiona namba za mita ambazo hazifanani na UTM yoyote, ulizia hilo kabla ya kuanza kubahatisha misimbo. Pia kwetu ikweta inakata nchi katikati. Kisumu ni 36 kusini, Eldoret ni 36 kaskazini. Ukichanganya, pointi inaruka kilomita 10,000.

Kaka_wa_Ujiji

Mbona mnajitesa wakuu. Mimi nachukua leya yote, naisogeza mpaka ikae vizuri juu ya picha ya setilaiti, nahifadhi, kazi imekwisha. Mteja anaona ramani imekaa.

Mchoraramani

Kaka, hapo tutatofautiana, na nitasema kwa nini.

Faili uliyoisogeza kwa mkono sasa halina mfumo wowote. Maelezo yake yanasema jambo moja na namba zinasema jingine. Kesho mwenzako ataipokea, atajua kuwa ramani asili ilikuwa Arc 1960, ataihamisha kwa njia sahihi, na kila kitu kitahama mita 300 kwa mara ya pili. Atatafuta kosa lake asilione, kwa sababu halipo kwake. Na picha ya setilaiti uliyoitegemea nayo si kipimo: picha za mtandaoni zinaweza kukengeuka mita kadhaa, na hutofautiana kati ya mwaka mmoja na mwingine kwa mtaa ule ule.

Kama hakuna namna nyingine kabisa, mathalani ni ramani ya mkono iliyopigwa picha, tumia "Georeferencer" kwa pointi za kulinganisha unazoweza kuzitaja, na uhifadhi lile faili la pointi pamoja na ramani. Atakayekuja baadaye ataona ulichofanya.

Kaka_wa_Ujiji

Nimekuelewa mkuu. Hilo la kuhama mara mbili sikuwahi kulifikiria.

Binti_Misitu

Habari zenu. Nimetumiwa mipaka ya msitu kwa WhatsApp, faili moja la .shp. QGIS inakataa kulifungua. Aliyenituma anasema kwake linafunguka vizuri.

Mchoraramani

Dada, kwake linafunguka kwa sababu mengine yako kwenye folda yake. Shepufaili ni kundi la mafaili yenye jina moja na viishio tofauti. .shp ina maumbo, .shx ni faharasa ya maumbo hayo, .dbf ni jedwali la sifa, .prj inaeleza mfumo wa koodineti, na .cpg inaeleza usimbaji wa herufi. Matatu ya kwanza ni lazima.

Ikikosekana .shx pekee, inajengwa upya: kwenye sanduku la zana tafuta "Repair Shapefile". Ikikosekana .dbf, majina na takwimu zote zimebaki kwake na hakuna zana itakayozirudisha. Mwambie aifunge folda nzima kuwa zip na akutumie hiyo.

Na tukiwa hapo, tuzoee GeoPackage. Kila kitu kinakaa katika faili moja, majina ya safu hayakatwi kwenye herufi 10 kama yanavyokatwa kwenye shepufaili, wala huna kikomo cha GB 2. Tahadhari yake ni moja: usiinakili wakati QGIS imeifungua. Ukiona pembeni yake pana mafaili yanayoishia na -wal na -shm, kuna mabadiliko ambayo huenda bado hayajaingia kwenye faili kuu. Ondoa leya hiyo au funga programu, ndipo utume.

Kosa jingine linalofanana na hilo ni kutuma .qgz. Hiyo ni projekti, inabeba rangi, mpangilio na njia za kwenda kwenye data. Data zenyewe hazimo.

Mwanatakwimu_KE

Yangu ni ya kuunganisha jedwali. Nina idadi ya watu kwa kaunti kwenye Excel na mipaka ya kaunti zote 47. Nikiunganisha kwa jina, baadhi zinatoka NULL (tupu). Murang'a inakataa, Tharaka-Nithi inakataa, Elgeyo-Marakwet inakataa. Kwa macho yangu majina ni yale yale!

Mchoraramani

Macho yanadanganya sana hapa. Kistari ndani ya Tharaka-Nithi kinaweza kuwa kifupi upande mmoja na kirefu upande mwingine, au upande mmoja pana nafasi tupu badala yake. Na Murang'a ni tatizo letu la kudumu sisi tunaoandika ng'. Word na simu nyingi zinaibadilisha ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti kabisa. Huku kwetu Nyang'hwale ya Geita inapotea kila mara kwa sababu hiyo hiyo.

Fungua kikokotoo cha safu, tengeneza safu mpya ya kuunganishia, usiiguse ya asili, kisha uandike:

upper(trim(replace("jina", char(8217), char(39))))

char(8217) ni alama iliyopinda, char(39) ni iliyonyooka. trim inaondoa nafasi tupu za mwanzo na mwisho, ambazo Excel inaficha vizuri mno. Ifanye pande zote mbili. Vistari virekebishe kwa replace nyingine.

Ukiona â€™ badala ya alama ya ng', hilo ni tatizo jingine: herufi ni za UTF-8 na programu inazisoma kwa usimbaji wa Windows. Ingia sifa za leya, sehemu ya chanzo, uchague UTF-8. Usianze kufuta herufi hizo moja moja kwa mkono.

Kama kuna msimbo wa eneo, unganisha kwa msimbo na uachane na majina. Hata hivyo angalia Excel haijala sifuri za mbele. "01" ikishakuwa 1 haitakutana na mwenzake. Irudishe kwa lpad(to_string("msimbo"), 2, '0').

Mwanatakwimu_KE

Zimeingia zote. Ilikuwa ile alama na vistari. Asante sana boss.

Mama_Takwimu

Naomba kuuliza na mimi. Nimesafisha majina yote kama ulivyoeleza, data ni za sensa ya 2022 kwa mikoa. Bado Songwe haina pa kukaa, na kwenye ramani hakuna pengo lolote, mikoa imejaa.

Mchoraramani

Mama, majina yako hayana shida. Mipaka uliyonayo ni ya sensa ya 2012, wakati mikoa ilikuwa 30. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, sasa mikoa ni 31. Ramani yako imejaa kwa sababu Mbeya ya zamani imelifunika eneo lote.

Angalia na hatari iliyo kimya zaidi: Mbeya yako imeungana bila kulalamika. Umebandika watu wa Mbeya ya sasa juu ya eneo la Mbeya ya zamani, na ukipiga msongamano wa watu utapata namba ndogo kuliko ilivyo, bila NULL yoyote ya kukushtua. Tafuta mipaka ya 2022. Ikishindikana, jumlisha Mbeya na Songwe kuwa moja na uandike hivyo chini ya ramani. Kwenye wilaya na kata mambo haya ni mengi zaidi, kwa hiyo kabla ya kuunganisha chochote hesabu kwanza mistari ya pande zote mbili.

Mkulima_GIS

Wakuu, nimechora mashamba, nikapiga area nimepata 0.000 kwa kila shamba. Mengine ni makubwa tu.

Mchoraramani

Leya yako iko kwenye digrii, EPSG:4326, na umetumia area($geometry). Hiyo inapima kwa vipimo vya leya yenyewe, kwa hiyo jibu ni digrii za mraba. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kinatoka kama 0.00000005, na safu yako yenye desimali tatu inaandika 0.000.

Tumia $area, ambayo inafuata elipsoidi na vipimo vilivyowekwa kwenye sifa za projekti, au hamisha leya kwenda UTM ya zoni yako ndipo upime. Kisha jipime: ekari moja, zile hatua 70 kwa 70, ni takriban mita za mraba 4,047. Chukua shamba unalolijua kwa miguu yako na uone kama jibu linaingia akilini.

Ugonjwa huo huo ndio unaowapata wanaoweka bafa (ukanda wa kuzunguka umbo) ya 500 wakitaka mita 500. Kwenye leya ya digrii hiyo ni digrii 500, inaifunika dunia na kuvuka. Digrii moja huku kwetu ni kama kilomita 111.

Tena kuhusu digrii: kama koodineti zilikuja kwa dakika na sekunde, 6°48'30" S, hiyo ni -(6 + 48/60 + 30/3600), yaani -6.8083. Nimeona watu wakiiandika -6.4830. Pointi inahama kilomita 36 kaskazini, bado iko nchi kavu, bado iko mkoa unaoaminika, na hakuna anayeshtuka. Kosa la aina hii naliogopa kuliko lile la Antaktika.

Binti_Misitu

Nimerudi. Faili zimekuja kamili, asante. Sasa nikikata msitu kwa mipaka ya vijiji inasimama, inasema umbo fulani si halali. Nimeona mahali wanashauri bafa ya sifuri. Nifanye?

Mchoraramani

Usianze na bafa ya sifuri, dada. Umbo lako huenda limejikata lenyewe, mstari umepita juu ya mwenzake na kutengeneza kitu kama namba 8. Bafa ya sifuri inaweza kuchukua tundu moja la hiyo 8 na kulitupa jingine, na hutapewa taarifa. Kwa msitu, hizo ni hekta zinazopotea kwenye ripoti.

Endesha kwanza "Check Validity". Itakuwekea pointi pale penye kosa, uende uangalie kwa macho. Kisha "Fix Geometries", halafu ulinganishe jumla ya eneo kabla na baada. Zikitofautiana kwa kiasi cha kuonekana, tafuta ni umbo lipi limebadilika.

Halafu kuna jambo ambalo programu haitakulalamikia. Mipaka ya vijiji jirani ikichorwa na watu tofauti, kwa nyakati tofauti, utakuta vipande vyembamba vilivyopandiana au vilivyobaki wazi katikati. Kiongezi cha "Topology Checker" kitakuonesha vyote. Vile vya upana wa mita moja au mbili ni mkono wa mchoraji, vinase tu (yaani kingo ziunganishwe). Ila ukikuta ukanda wa mita mia mbili ambao vijiji vyote viwili vimeuchora ni wao, usiunase. Huo unaweza kuwa mgogoro wa kweli, na ukibonyeza kitufe utakuwa umewaamulia watu ardhi yao ukiwa umekaa ofisini. Uache uonekane, uuwekee alama, upeleke swali kwenye halmashauri za vijiji vyote viwili.

Binti_Misitu

Upo mmoja wa namna hiyo, tena ni ndani ya msitu. Nitauacha na kuuliza.

Mlima_Data

Nimepakua data za mwinuko za SRTM (vipimo vya kimo vilivyochukuliwa kutoka angani) za Kilimanjaro, nikapiga mteremko. Eneo lote limetoka digrii 89, hata Moshi mjini kwenye tambarare.

Mchoraramani

Mlalo uko kwenye digrii na kimo kiko kwenye mita. Programu inadhani umesogea 0.0003 ya mita na kupanda mita 5, kwa hiyo kila mahali ni ukuta. Hamisha rasta (data ya seli kama picha) kwenda EPSG:32737 kwanza, na kwenye njia ya kukadiria chagua "Bilinear" kwa sababu mwinuko ni kitu kinachobadilika taratibu. Kwa rasta ya matumizi ya ardhi, yenye namba za makundi, baki na jirani wa karibu, la sivyo utazaa makundi yasiyokuwepo.

Kabla ya hapo soma namba ya chini na ya juu ya rasta. Juu utegemee karibu na 5,895, kimo cha Kibo. Ukiona chini ni -32768, hizo ni seli zisizo na kipimo ambazo hazijatambulishwa. Zitaje kama "nodata" kwenye sifa za leya, vinginevyo mlima mzima utaonekana rangi moja. Aliye Mwanza ajipime na Ziwa Viktoria, uso wake uko kwenye mita 1,134 hivi.

Kisima_Kirefu

Mkuu, mimi ndiye mwenye visima. Nilikuwa nimegeuza X na Y, sasa vyote viko wilayani. Isipokuwa vichache bado viko kule Ghuba ya Guinea. Nivifute?

Mchoraramani

Usivifute. Kila kimoja ni kisima cha kweli chenye watu wanaochota maji, kilichokosekana ni mahali pake tu. Huenda simu haikukamata GPS wakati wa kujaza fomu.

Chuja kwa "longitudo" = 0, badilisha sifuri hizo ziwe NULL ili zisichorwe, na uweke safu ya hali iliyoandikwa "hakuna mahali". Soma jina la kijiji na la aliyejaza fomu, wasiliana naye arudie. Kama mlikusanya kwa fomu za simu za KoboToolbox, tazama na safu ya usahihi wa GPS ya vile vilivyobaki. Vile vilivyochukuliwa kwa usahihi wa mita mia na zaidi viko wilayani, ni kweli, ila huenda haviko kwenye kijiji ulichoviandikia. Viorodheshe na hivyo, virudiwe pamoja.